Anachokiuza Mfanyakazi: Neno ‘Kazi’ katika Historia ya Fikra za Kiuchumi na Kijamaa za Ulaya

Utangulizi

Mwaka 1891 Friedrich Engels, akiwa na umri wa miaka 70, alikaa mjini London kusahihisha kijitabu cha rafiki yake Karl Marx, aliyekuwa amefariki miaka minane kabla. Kijitabu hicho, Lohnarbeit und Kapital, yaani Kazi ya Ujira na Mtaji, kilitokana na mihadhara ambayo Marx aliwatolea wafanyakazi wa Kijerumani mjini Brussels mwaka 1847, na kilichapwa kwa mara ya kwanza gazetini mwaka 1849. Toleo jipya lilikusudiwa kuwafikia wafanyakazi kwa nakala zisizopungua 10,000. Badiliko kubwa alilolifanya Engels lilihusu neno moja. Pale ambapo Marx alikuwa ameandika kwamba mfanyakazi humwuzia mwajiri ‘Arbeit’, yaani kazi yake, Engels aliandika kwamba humwuzia ‘Arbeitskraft’, yaani nguvu yake ya kufanya kazi. Katika dibaji aliwatahadharisha wasomaji wake wasidhani kuwa huo ni mchezo wa maneno.

Mhadhara huu unalifuatilia neno hilo tangu lilipoanza kubebeshwa mzigo wa nadharia katika karne ya 17 hadi lilipogawanywa mara mbili katika karne ya 19. Wanahistoria wa fikra za kiuchumi wamezoea kuisimulia kadhia hii kama mfululizo wa watu na vitabu. Hapa inasimuliwa kama historia ya istilahi, kwa kuwa mgogoro wenyewe, katika kiini chake, ulikuwa juu ya maana. Aidha, jambo hili linakihusu Kiswahili. Neno ‘kazi’ katika lugha hii hubeba mengi: tendo (“yuko katika kazi”), ajira (“amepata kazi”), dhima ya kitu (“kazi ya figo”), na hata taabu (“hiyo nayo ni kazi!”). Anayetaka kufundisha fikra za kijamaa za Ulaya kwa Kiswahili hana budi kuamua ni kipi kati ya hivyo kinachouzwa mlangoni mwa kiwanda.

Kutoka ardhini hadi mikononi

Wagiriki wa kale hawakuifanya kazi kuwa kipimo cha thamani. Aristotle, katika kitabu chake cha Siasa, alitenganisha uendeshaji wa kaya, ambao ndio ulioyapa mataifa ya Ulaya neno lao la uchumi, na sanaa ya kulimbikiza fedha, ambayo aliitilia shaka. Mizizi ya maneno haina mamlaka juu ya maana zake za leo, lakini inafaa itazamwe walau kwa kupita: Wagiriki walianzia nyumbani, ilhali Waswahili walianzia kwenye kuchuma.

Mtu wa mwanzo kuipa kazi cheo cha kinadharia ni Mwingereza William Petty, tabibu na mpimaji ardhi, ambaye katika risala yake ya mwaka 1662 kuhusu kodi aliifananisha kazi na baba wa utajiri, na ardhi akaifananisha na mama. Karibu miaka 100 baadaye, huko Ufaransa, François Quesnay, naye tabibu, alimrejeshea mama haki yote. Katika Jedwali lake la Kiuchumi la mwaka 1758 alishikilia kwamba kilimo peke yake ndicho kinachozaa ziada. Mafundi na wafanyabiashara aliwaita tabaka tasa, si kwa kuwa walikuwa wavivu, bali kwa kuwa alichoamini ni kwamba hurudisha kile tu walichokitumia.

Adam Smith alikutana na Quesnay mjini Paris mwaka 1766. Miaka kumi baadaye, mnamo Machi 1776, alichapisha Utajiri wa Mataifa, na sentensi ya kwanza kabisa ya kitabu hicho inaitaja kazi ya taifa kuwa ndiyo hazina yake. Lakini Smith hakulipa neno hilo maana moja. Mara alipima thamani ya kitu kwa kazi iliyotumika kukitengeneza. Mara alipima kwa kazi ambayo mwenye kitu angeweza kuinunua kwa kitu hicho. Katika mfano wake wa wawindaji, ikiwa kumwua biva mmoja kunachukua kazi maradufu ya kumwua paa, basi biva mmoja atabadilishwa kwa paa wawili. Hapo vipimo viwili vinakubaliana. Mara tu ardhi inapokuwa na mwenyewe na mtaji ukawa mkononi mwa mtu mwingine, vinaachana, kwani kazi inayonunuliwa na bidhaa inazidi kazi iliyoizaa. Smith aliliona pengo hilo. Aliligawa baina ya ujira, faida na kodi ya ardhi, akaendelea na safari.

Ricardo na walimgeuza

David Ricardo, dalali tajiri wa soko la hisa la London, hakuridhika. Katika kitabu chake cha mwaka 1817 alikichagua kipimo kimoja, yaani kiasi cha kazi kinachohitajika kuizalisha bidhaa, na akajitahidi kukishika hata pale kilipomsumbua. Inafaa asifiwe kwa uaminifu wake: katika toleo la tatu, la mwaka 1821, aliongeza sura nzima kukiri kwamba alikosea alipodhani mashine haziwezi kuwadhuru wafanyakazi.

Ricardo hakuwa mjamaa hata kidogo. Adui yake alikuwa mwenye ardhi, si mwenye kiwanda. Hata hivyo, ndani ya miaka michache kanuni yake ilikuwa imeshikwa na watu wengine. Thomas Hodgskin, ofisa mstaafu wa jeshi la majini, alichapisha mwaka 1825 kijitabu cha kuitetea kazi dhidi ya madai ya mtaji. Ulikuwa ni wakati wa mjadala mkali, kwa sababu sheria zilizopiga marufuku vyama vya wafanyakazi zilikuwa zimefutwa mwaka mmoja tu kabla. Hoja yake ilikuwa fupi. Ikiwa thamani yote hutoka katika kazi, faida ya mwenye mtaji inatoka wapi? William Thompson, mwenye shamba kutoka Cork, Ayalandi, alikuwa ameuliza swali hilohilo mwaka 1824. James Mill, rafiki na mwalimu wa Ricardo, alishtushwa na mafundisho hayo kiasi cha kumwandikia Lord Brougham mwaka 1832 kumwonya juu ya hatari yake.

Swali la Hodgskin lilikuwa zuri, lakini jibu lake lilijengwa juu ya neno lenye ufa. Ufa huo ulionekana mwaka uleule wa 1825 na mfanyabiashara wa Sheffield, Samuel Bailey, ambaye hakuwa na huruma yoyote na ujamaa. Alisema kwamba wafuasi wa Ricardo, wakiambiwa waeleze thamani ya kazi, hulazimika kusema kuwa thamani ya kazi hupimwa kwa kazi, na hapo wanazunguka palepale. Kejeli hiyo inastahili kufafanuliwa kwa mfano. Ichukuliwe kwamba msokota nyuzi wa Manchester anafanya kazi saa 12, na kwamba ujira anaolipwa unanunua vitu vilivyochukua saa 6 kutengenezwa. Akiwa ameuza saa 12 za kazi, basi amepunjwa nusu, na kanuni ya kubadilishana sawa kwa sawa imevunjwa kila siku ya Mungu, katika kila kiwanda. Akiwa amelipwa sawasawa, basi faida haipo. Faida ilikuwepo, na kila mtu aliiona. Kwa hiyo ama soko zima ni wizi, ama neno ‘kazi’ limetumiwa mahali pasipo pake.

Saa za karatasi

Wengi waliamini kwamba soko ni wizi, na wakajaribu kujenga soko lingine. Mashuhuri kati yao ni Robert Owen, aliyepata jina kwa kuendesha vinu vya pamba vya New Lanark, Uskochi, tangu mwaka 1800. Wafuasi wake ndio walioanza kuitwa wajamaa. Neno la Kiingereza ‘socialist’ linaonekana katika jarida la wanaushirika la London mwezi Novemba 1827, na ‘socialisme’ ya Kifaransa ilienea mapema katika miaka ya 1830. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya mwenzi au mshirika. Julius Nyerere alipochagua ‘ujamaa’ mwaka 1962 alianzia mahali pengine, kwa ndugu na jamaa, na tofauti hiyo ya mwanzo ingestahili mhadhara wake yenyewe.

Mwezi Septemba 1832 Owen alifungua jijini London Soko la Kubadilishana Kazi kwa Haki. Fundi viatu alileta viatu, mshonaji akaleta koti, na kila mmoja akapewa hati iliyoandikwa idadi ya saa za kazi. Kwa hati hiyo aliweza kuchukua bidhaa nyingine yenye saa sawa. Katika miezi ya mwanzo watu walimiminika. Ilipofika mwaka 1834 soko lilikuwa limefungwa. Bidhaa zilizokadiriwa chini ya bei ya mjini zilinyakuliwa haraka, wafanyabiashara wa nje wakiwemo miongoni mwa wanyakuaji, na zile zilizokadiriwa juu zikabaki rafuni.

Kwa mwanaisimu, sehemu ya kuvutia zaidi ni namna saa hizo zilivyohesabiwa. Wakadiriaji walichukua gharama ya malighafi kwa bei ya soko, wakaongeza ujira wa kawaida wa fundi, kisha wakageuza jumla hiyo kuwa saa kwa kiwango cha peni sita kwa saa. Yaani saa iliyoandikwa kwenye hati haikuwa saa ya mtu yeyote. Ilikuwa tafsiri ya shilingi. Owen alidhani ameliondoa soko, kumbe amelibadilisha jina.

Swali la seremala

Mwezi Mei 1865, katika Baraza Kuu la Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyakazi mjini London, seremala mmoja mfuasi wa Owen, John Weston, alitoa hoja iliyowafadhaisha wenzake. Alisema kupigania nyongeza ya ujira ni kazi bure, kwa kuwa waajiri watapandisha bei na mfanyakazi atarudi alipokuwa. Vyama vya wafanyakazi, kwa mtazamo huo, vina madhara. Weston hakuwa kibaraka wa mtu. Alikuwa mtu mwaminifu aliyefuata mantiki ya nadharia aliyoirithi: ikiwa ujira ni bei ya kazi, na bei ya kazi ndiyo inayojenga bei ya vitu vyote, basi mgomo ni sawa na kumwaga maji mtoni.

Marx alimjibu kwa Kiingereza katika vikao viwili. Wakati huo alikuwa karibu kumaliza juzuu la kwanza la Das Kapital, lililotoka Hamburg mwaka 1867 kwa nakala 1,000. Jibu lake lilisimama juu ya ule mgawanyo wa neno. Mfanyakazi hauzi kazi, kwa sababu kazi, wakati wa mapatano, bado haipo. Na inapoanza kuwepo, tayari ni mali ya mwajiri. Anachouza ni uwezo ulio mwilini na akilini mwake, kwa muda uliowekwa. Uwezo huo una gharama ya kuutunza kama kitu kingine chochote: chakula, nyumba, mafunzo, malezi ya watoto watakaochukua nafasi yake. Kwa hiyo msokota nyuzi wa Manchester amelipwa sawasawa kwa uwezo wake, saa 6, na hajapunjwa sokoni. Lakini uwezo ukishatiwa kazini hudumu saa 12. Tofauti hiyo ndiyo thamani ya ziada. Kumbe basi nyongeza ya ujira hula faida, haipandishi bei za vitu vyote, na mgomo una maana. Na kwa kuwa gharama ya kuutunza uwezo huo ina ndani yake, kama Marx alivyosisitiza, sehemu inayotokana na historia na desturi za nchi, ujira hauna kiwango kilichoandikwa mbinguni. Hili lilikuwa jibu pia kwa Ferdinand Lassalle, aliyewafundisha wafanyakazi wa Ujerumani tangu 1863 kwamba sheria ya chuma huurudisha ujira katika kiwango cha kubakiza roho tu.

Inapasa kusemwa kwamba Marx hakulizua wazo hili kutoka hewani. Yeye mwenyewe alimtaja Thomas Hobbes, aliyekwisha kusema mwaka 1651 kwamba thamani ya mtu ni kile kinachotolewa kwa ajili ya matumizi ya nguvu zake. Wala istilahi haikumjia mara moja. Katika miswada ya 1857 na 1858 alipendelea ‘Arbeitsvermögen’, neno linaloelekea zaidi kwenye uwezo kuliko nguvu. Mbele ya Weston alitumia Kiingereza cha kujitungia, ‘labouring power’. ‘Arbeitskraft’ ilikaa imara katika kitabu cha 1867 tu.

Hata wafuasi wake hawakuifahamu upesi. Mwezi Mei 1875, vyama viwili vya kijamaa vya Ujerumani vilipoungana mjini Gotha, ilani yao ilianza kwa kutangaza kuwa kazi ndiyo chanzo cha utajiri wote, na ikadai wafanyakazi wapewe mapato ya kazi yao bila kupunguzwa. Marx aliwaandikia masahihisho makali. Maumbile nayo ni chanzo cha utajiri. Kuyasahau ni kusahau ni nani anayeyamiliki. Na mapato hayo hayawezi kugawiwa yote, kwa kuwa kwanza yatolewe ya kufidia zana, ya akiba ya maafa, ya shule na matibabu, na ya wasioweza kufanya kazi. Masahihisho hayo yalifichwa kwa miaka 16. Engels aliyachapisha mwanzoni mwa 1891, mwaka uleule alioketi kulibadilisha neno katika kijitabu cha Brussels.

Wafasiri na wapinzani

Engels alikuwa mlinzi mkali wa istilahi. Mwaka 1885 aliandika makala ya kumkosoa mfasiri mmoja wa Das Kapital kwa Kiingereza, akimlaumu kwa kulifasiri neno moja la kitaalamu kwa maneno mbalimbali, kana kwamba anaandika riwaya. Alifurahia pia kwamba Kiingereza kina maneno mawili, ‘work’ na ‘labour’, hivyo la kwanza lingeweza kuwekwa kwa kazi inayozaa matumizi na la pili kwa kazi inayozaa thamani. Kijerumani hakina anasa hiyo. Kiswahili nacho hakina.

Wapinzani hawakukosekana, na walikuwa na uzito. Jevons na Menger mwaka 1871, na Walras mwaka 1874, waliihamisha thamani kutoka kwenye kazi na kuipeleka kwenye manufaa ya kipande cha mwisho kinachotumiwa. Mwaka 1896 Eugen von Böhm-Bawerk alidai kwamba juzuu la tatu la Das Kapital, lililotoka 1894, linapingana na la kwanza. Wanauchumi wengi wa leo hawaifuati nadharia ya thamani-kazi, na kuificha habari hiyo si kumtendea haki mwanafunzi. Lakini mgawanyo wa neno umesalimika pale ambapo nadharia iliyouzaa imeachwa. Mwaka 1951 Herbert Simon, ambaye hakuwa mfuasi wa Marx, alieleza kwa hisabati kwamba mkataba wa ajira si ununuzi wa huduma maalumu. Mfanyakazi hukubali, ndani ya mipaka, kwamba mwajiri atachagua baadaye cha kumfanyisha. Kazi haijanunuliwa bado. Kilichonunuliwa ni mamlaka ya kuiamuru.

Tatizo la Kiswahili

Kiswahili kilipopokea fikra hizi hakikuzipokea kwa lugha tupu. ‘Bepari’ lilikuwa jina la mfanyabiashara, kutoka Bara Hindi, na bado lilikuwa na maana hiyo Nyerere alipoiita tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare ya mwaka 1969 Mabepari wa Venisi, ingawa miaka miwili kabla Azimio la Arusha lilikuwa limekwisha kulitumia kwa maana ya mwenye mtaji. Matokeo ni kwamba msomaji wa Kiswahili huelekea kumtafuta bepari dukani, kwenye ununuzi na uuzaji, mahali hasa ambapo Marx alisema hakuna anayepunjwa. ‘Unyonyaji’ nao huonyesha damu ikitoka, bila kuonyesha mkataba.

Kwa ‘Arbeitskraft’ wengi huandika ‘nguvukazi’. Chaguo hilo lina kasoro. Katika matumizi ya serikali na magazeti, nguvukazi ni jumla ya watu walio tayari kufanya kazi, na Watanzania wanaokumbuka mwaka 1983 wanalijua kama jina la kampeni ya kuwakusanya wasio na ajira mijini na kuwapeleka mashambani. Nguvukazi huhesabiwa kwa vichwa, nayo ni ya taifa. ‘Arbeitskraft’ iko ndani ya mtu mmoja, naye huiuza. ‘Uwezo wa kufanya kazi’ ni refu na halina mvuto, lakini halidanganyi, na linakaribia lile neno la kwanza la Marx la 1857.

Msamiati wa ujira wa pwani hauko mbali na maarifa haya. ‘Ujira’ ni ndugu wa ‘ijara’, malipo ya kukodi, kana kwamba mtu hukodishwa kama nyumba. ‘Mshahara’ hutokana na neno la Kiarabu la mwezi, na hutaja muda, si kilichofanyika. ‘Kibarua’ ni barua ndogo, cheti alichokuwa nacho mfanyakazi wa kutwa. Na katika karne ya 19 vibarua wengi wa Unguja na Mombasa walikuwa watumwa waliokodishwa, ambao sehemu ya malipo yao iliishia kwa mabwana zao.

Lililo wazi kuliko yote ni ‘kipande’ cha mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Kilikuwa kadi yenye nafasi 30. Kila siku msimamizi aliipima kazi iliyokatwa, na ikiwa imetimia alitia alama kwenye nafasi moja. Isipotimia, siku hiyo haikuhesabiwa. Mshahara ulilipwa alama 30 zilipokamilika, hata kama mwezi wa angani ulikuwa umekwisha kuandama mara mbili. Hati ya Owen iliandika saa ambazo hakuna aliyezipima. Kipande kilipima kila kitu, na kilipimwa na mnunuzi.